Muulize Fundi: Megapikseli 50, mbona picha zina ukungu?

*Shikamoo fundi. Nanunua viazi mashambani huku Isyonje na kuwauzia wateja wa Dar es Salaam. Kila alfajiri, kabla gari halijapakia, nawatumia picha za mzigo. Mwaka huu nimenunua simu mpya, kamera megapikseli 50, RAM 8. Mdogo wangu anayo Google Pixel 3 ya mtumba, megapikseli 12 tu, lakini picha zake za alfajiri zinaonyesha mpaka macho ya kiazi. Zangu ni kama zimepakwa uji. Nimeuziwa feki?*
*Mama wa Viazi, Isyonje*

Marahaba mwanangu, na poleni na baridi ya huko juu. Kwa unavyoieleza, simu yako ni halali kabisa. Mdogo wako anakushinda kwa programu.

Hapa mezani kwangu Mwanjelwa nafungua simu kutwa nzima. Ukishaivua kava na kutoa skrubu, majina yaliyoandikwa mgongoni hayana maana tena. Chipu kwa kawaida ni ya Qualcomm au MediaTek. Jicho la kamera mara nyingi ni la Sony au Samsung. Vioo vinatoka viwanda vichache tu. Hata iPhone X ya mwaka 2017 kioo chake kilitengenezwa na Samsung, mshindani mkubwa wa Apple, wenye iPhone. Mwenye mtaji anaagiza vifaa vile vile anavyoagiza mwenzake. Kilichobaki kuzitenganisha simu ni kile nisichoweza kukishika kwa koleo.

Hiyo Pixel 3 ni mfano mzuri mno. Ilitoka 2018, na Google waliendelea na sensa, yaani jicho la kamera, ile ile ya Sony kwenye Pixel 4 na Pixel 5 mpaka 2020, huku picha zikizidi kuwa nzuri. Novemba 2018 walituma sasisho la kupiga picha gizani, na hata Pixel ya kwanza kabisa, ya 2016, ikalipata. Simu iliyokuwa mfukoni mwa mtu kwa miaka 2 ilianza kuona usiku, na hakuna fundi aliyeigusa. Mimi ninayeishi kwa kubadilisha vifaa, jambo hilo lilinifanya nifikirie kazi yangu upya.

Kinachofanyika ni hiki. Mwanga wa alfajiri ni mdogo, na picha moja ikipigwa humo inajaa chenga. Programu ya Pixel inapiga picha nyingi kwa mfululizo, hadi 15, inazipanga zikae sawa hata kama mkono ulitikisika, kisha inazichanganya kuwa moja. Chenga zinafutika, kiazi kinabaki.

Sasa simu yako. Fungua kamera uangalie kama umewasha alama ya 50M. Wengi wanaiwasha wakidhani ndiyo ubora wenyewe. Sensa za aina hiyo zimetengenezwa ili vidoti 4 viungane kuwa kimoja na kukusanya mwanga pamoja, na picha inatoka kama megapikseli 12. Ukilazimisha 50 kwenye mwanga mdogo, kila kidoti kinajitegemea na kinakosa mwanga. Izime. Washa hali ya Usiku, egemeza simu juu ya gunia, na usiinyanyue mpaka imalize. Hutamfikia mdogo wako, lakini uji utapungua sana.

Na hiyo RAM 8, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, soma boksi vizuri. Kama imeandikwa 4+4, RAM yako ni 4. Hizo nyingine zimekatwa kwenye nafasi ya kuhifadhi picha, na kasi yake haikaribii RAM halisi. Wewe unaijua lumbesa: kile kilima cha juu ya gunia angalau ni viazi kweli. Hili la RAM linaniudhi, kwa sababu wanaodanganyika ni watu wanaohesabu pesa zao shilingi kwa shilingi.

Watengenezaji wengine wameujua mchezo huu kwa namna inayotufaa sisi Waafrika. Transsion, wenye Tecno, hawatengenezi chipu zao, lakini waliteka soko la Afrika, pamoja na mengine, kwa kurekebisha programu ya kamera ili ngozi nyeusi itoke vizuri. Google walikuja na yao ya namna hiyo 2021, kwenye Pixel 6.

Lakini linaloniuma zaidi ni masasisho. Mwezi uliopita dada mmoja wakala aliniletea simu isiyo na hata mkwaruzo, betri nzima, kioo kizima. Programu ya benki yake imeikataa kwa sababu Android yake imezeeka, na kampuni iliyoiuza ilishaitupa. Sikuwa na cha kufungua wala kuchomelea. Linganisha na iPhone 5s ya 2013, iliyotumiwa sasisho la usalama hadi Januari 2023. Sasa Google, kuanzia Pixel 8, na Samsung, kuanzia Galaxy S24, wanaahidi miaka 7. Siku ya kununua nyingine, ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, usome tarehe ya sasisho la usalama. Ikiwa imepita mwaka, mrudishie muuzaji simu yake, hata kama kamera ni megapikseli 108.

*Fundi, TV yangu ni ya inchi 43, picha safi kabisa, lakini YouTube imegoma, inasema toleo halitumiki tena. Niiuze?*
*Baba Neema, Iringa mjini*

Usiiuze, ndugu yangu. Kioo ni kizima, ubongo ndio uliozeeka, na ubongo wa TV unanunuliwa peke yake. Tafuta kisanduku cha Android TV au Google TV kinachochomekwa kwenye tundu la HDMI nyuma ya TV yako, mpe muuzaji aunganishe na intaneti ya simu yako, na aiwashe YouTube mbele ya macho yako kabla hujatoa pesa.