"Chukua dawa" au "meza dawa"?

"Mwalimu shikamoo. Nauza duka la dawa hapa Kigoma mjini. Juzi nilimwambia bibi mmoja wa Ujiji, bibi chukua hivi vidonge mara 3 kwa siku. Mchana akarudi dirishani anasema nimefuata vya mara ya pili. Nimekosea wapi wakati Kiingereza ni 'take' hiyohiyo?"

Marahaba mdogo wangu, umeuliza jambo la maana sana. Bibi alikuelewa sawasawa, kwa Kiswahili kuchukua ni kukitoa kitu kilipo ukaenda nacho au kukibeba, ndo maana mbeba mizigo kwa jina la zamani ni mchukuzi na mambo ya treni na meli yapo wizara ya Uchukuzi, sasa umemwambia achukue mara 3 naye kaja mara ya pili, kosa lake nini?

Hiyo 'take' ya Waingereza inabadilika kutokana na kinachoifuata, na sisi kila kitu kina kitenzi chake. Picha tunapiga, mtihani tunafanya, treni tunapanda. Dawa tunakunywa, hata ikiwa kidonge mtu anasema nimekunywa dawa na anaeleweka, ila vidonge hasa tunameza, ya ngozi tunapaka, sindano tunachomwa. Na kuna mahali maana inageuka kabisa: mtoto asubuhi unampeleka shule, ukisema umemchukua shule maana yake umemfuata na umerudi naye, yaani mzazi mwenzio anakaa akijua mtoto yuko nyumbani kumbe yuko darasani.

Lakini usije ukaiogopa chukua. Dumu linachukua lita 20 za mawese, rangi za kitenge zinachukuana, mke na mume wanachukuliana. Wapo wanaokataza "safari inachukua siku 2" eti ni Kiingereza, mi siungani nao, kama dumu linachukua mawese na safari nayo inachukua siku, maana ni ileile ya kuenea.

Kwa hiyo kwenye bahasha andika "meza kidonge 1 kutwa mara 3", hiyo kutwa wazee wanaijua tangu zamani, halafu mwambie bibi kwa mdomo kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku, na kama ni kabla ya kula au baada, umsubiri akurudishie maelezo hayo mwenyewe ndo umwachie aende.