Umeme umekatika na nyumba imejaa wageni, mnafanyaje? Jibu la aliyekuwepo Unguja 2009

Kwa wale wavivu wa kusoma juu, mleta mada kauliza hivi: wakwe zake walikuja wiki iliyopita, umeme ukakatika magharibi, kila mtu akainamia simu yake mpaka chaji ikaisha, saa tatu watu washalala, asubuhi mama mkwe anasema "kwenu kimya sana". Anataka kujua wenzake wanafanyaje. Naona wengi mmemwambia nunua sola, nunua jenereta, nunua taa za kuchaji. Haya, anunue, ila jamani mtu kasema taa anazo, shida yake ni wale watu waliokaa sebuleni kama wako kituo cha daladala.

Mimi ntajibu kwa niliyoyaona Unguja mwaka wa giza. Wenyeji mnajua, Disemba 2009 kebo ya chini ya bahari inayoleta umeme kutoka Ras Kiromoni huko bara mpaka Fumba ikaharibika, kisiwa kizima kikakaa gizani mpaka Machi 2010. Kebo yenyewe ilitandazwa mwaka 1980 na mwaka 2008 tulishakaa kama mwezi mzima hivyo hivyo, kwa hiyo ya pili ilitukuta kandili bado hazijarudishwa uvunguni.

Na asije mtu hapa akaniambia zamani raha. Haikuwa raha. Pampu za visima vya maji zinakwenda kwa umeme, umeme ukiondoka na maji yanaondoka, mchana kutwa mnahangaika na ndoo. Barafu hakuna, samaki akiingia sokoni asubuhi ujue mchana anatupwa au anatolewa sadaka. Joto la Januari unalijua, feni imesimama inakutazama tu. Ila jioni zake, wallahi sijapata tena jioni za namna ile mpaka leo, na nikikaa nikifikiri naona kulikuwa na sababu, si bahati tu.

Sisi tulikuwa tunakaa mtaa wa Ng'ambo hapo mjini Unguja, nyumba ya kawaida ya chini ina ua nyuma na kisima cha zamani ambacho watu walishakisahau. Shangazi yangu alikuwa Michenzani, ghorofa za juu, sasa fikiria kupandisha ndoo za maji ngazi zile kila siku, siku ya tatu tu akaja na watoto wake na magodoro. Wakafuata majirani kuchota maji, na anayekuja kuchota maji akikuta chai haondoki. Kwa hiyo kila usiku nyumba imejaa, na taa ni MOJA. Mafuta ya taa yalipanda bei vibaya, hakuna aliyekuwa na ubavu wa kuwasha kandili tatu. Ndo siri yenyewe hiyo, yani hatukukaa pamoja kwa kupendana sana, tulikaa pamoja kwa sababu mwanga ulikuwa uani na ukitaka kuona unachokula uje uani. Sasa hivi kila mtu ana taa mfukoni, kwa hiyo mnaweza mkawa sebule moja na kila mtu yuko chumba chake.

Kwa hiyo mleta mada, umeme ukikatika usigawe taa kila kona. Washa moja, iweke pale unapotaka watu wakae, kwengine kote acha giza. Watu watakuja wenyewe kama kumbikumbi, hutohitaji kumwita mtu.

Kama utatumia kandili basi itayarishe mchana, usisubiri giza. Futa kioo kwa gazeti kavu, usitumie tambara bichi maana linaacha ukungu. Utambi ukate kwa mkasi ukae sawa, ukikata upande ule moto unapanda pembe moja, kioo kinaingia masizi nusu na nusu ya baraza haioni kitu. Bi mkubwa wetu alikuwa hamruhusu mtu kugusa ule mkasi, kazi ya utambi ilikuwa yake peke yake, alasiri anakaa kwenye kibao na miwani yake anakata kidogooo, anawasha, anaangalia, anazima, anakata tena. Na usiipandishe juu sana kutaka mwanga mwingi, utapata moshi tu.

Tukakaa uani kwa sababu ndani hapakaliki. Majamvi chini, makumbi ya nazi yanafuka pembeni kwa ajili ya mbu (moshi wake unakera lakini mbu wanakereka zaidi), seredani (jiko la mkaa) pale pale mbele za watu. Hili la seredani msilidharau, chakula kisipikwe jikoni kikaletwa, kipikwe watu wakikiona. Mmoja kapanda mbuzi anakuna nazi, mwengine anamenya muhogo, mtoto anapepea moto, mtu mwenye kazi mkononi mdomo unamfunguka wenyewe. Muhogo wa nazi na changu wa kuchoma, baadae chai ya mchaichai na mkate wowote uliobaki, basi, hamna kikubwa. Najua utasema mama mkwe huwezi kumpa muhogo amenye, na kweli siku ya kwanza usithubutu, lakini wahenga walishasema mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, na wewe hujampa jembe umempa kisu kidogo tu, tena wengi wao wanasubiri kuambiwa, kukaa bure kunawachosha.

Wanaume kwetu ilikuwa karata, wahedi wa sitini. Kwa msioujua, pointi zote ni 120 kwa hiyo upande uliofika 61 umeshashinda, mnacheza wanne wawili wawili, mwenzio anakaa mbele yako. Sasa mchana ule mchezo nusu yake ni kukonyezana, mtu anajikuna pua kumbe anakwambia ana rea ya turufu, ile karata kubwa. Kwa mwanga wa kandili moja konyeza yote inapotea bure! Mjomba wangu ambaye mchana alikuwa hafungiki, usiku tukawa tunamfunga vibaya mpaka akaanza kulalamika eti kandili isogezwe upande wake. Walokuwa hawachezi wakawa wanakuja kumuangalia yeye tu anavyoteseka.

Watoto wakati huo wako kwa bibi. Kwanza Paukwa, Pakawa, kisha vitendawili, na hapa ndo palipokuwa na kelele kuliko kwenye karata. "Kitendawili!" "Tega!" "Huku ng'o na huku ng'o!" Na jibu si ndo hilo tumelikalia, giza lenyewe, lakini mtoto mdogo wa shangazi alilikosa siku zote mbili za mwanzo, anataja kila mnyama. Ukishindwa si unampa mji mtegaji, basi siku moja bibi kakataa miji yote, akapewa Mombasa hataki, akapewa Dar hataki, yule mtoto akamwambia "nakupa Pemba, kuna umeme." Watu walicheka mpaka karata zikamwagika. Kwa msiojua, Pemba wakati ule walikuwa hawategemei kebo yetu, walikuwa na majenereta yao Wesha, kwa hiyo mwaka ule sisi Waunguja tulikuwa wanyonge kwelikweli, ukipiga simu Pemba unasikia TV nyuma.

Usiku wa 31 Disemba ndo nausimulia kila nipatapo nafasi, nivumilieni. Mwezi mpevu, barabarani hakuna taa hata moja, uani unaona mpaka sindano, siku hiyo hata kandili tuliizima kuokoa mafuta. Mida ya saa nne usiku kijana mmoja wa jirani akasema jamani mwezi umepungua. Tukamcheka. Kutazama kweli, pembeni kuna kipande kidogo cheusi. Kumbe ulikuwa usiku wa kupatwa kwa mwezi, kwa sehemu ndogo tu, wengi wetu tulikuwa hatuna habari. Babu akanyanyuka hakusema mengi, akaomba ndoo ya maji, watu wakashika udhu mmoja mmoja kwa kopo, ikaswaliwa sunna ya kupatwa kwa mwezi pale pale kwenye majamvi, karata zimefunikwa na kanga ya shangazi. Kabla ya saa tano mwezi ukarudi mzima. Mjomba akafunua kanga akadai alikuwa anaongoza. Alikuwa haongozi.

Na kuna mdau hapo juu kasema watoto wa siku hizi hawatokubali mambo ya vitendawili. Inategemea nani anaanza. Ukiwaambia "haya wekeni simu chini tuongee" wanakuchukia, hata mimi ningekuchukia. Mwambie mama mkwe aanze yeye, wewe jibu vibaya makusudi, mtoto hawezi kuvumilia mtu mzima akikosea jibu analolijua. Wangu wa miaka tisa nilimnasa kwa "kuku wangu katagia mibani", nilisema minazi, nikasema mchongoma, akaniangalia kwa huruma akasema baba ni nanasi, basi hapo ikawa zamu yake kutega na simu ikabaki kwenye mto.

Mengine ya haraka haraka. Kibatari usikiweke karibu na chandarua, hili sina mzaha nalo. Seredani usiiingize ndani ukafunga milango eti mvua, hewa ya sumu ya mkaa inaua mtu kimya kimya, na jenereta vile vile usiiwashe ukumbini. Simu moja iache na chaji kwa dharura, uikabidhi kwa mtu ambaye haijui kutumia sana. Friza usiifunguefungue. Na karata nunua paketi mbili, maana rea ya turufu huwa inapotea, na kwa mjomba wangu tulikuwa tunaikuta mfukoni kwa shati lake.