Usijaze sifuri siku ambayo hamkupima!

Hapana, hapana. Unasema daftari la maziwa la kituo chenu lina siku zisizoandikwa, na unataka kuzijaza sifuri ili mstari wa grafu usikatike. Acha hapo hapo.

Mimi nilifanya hivyo Kiruhura, Uganda, kwenye kituo cha kukusanya maziwa. Tulikuwa tukipokea kama lita 910 kwa siku. Jumapili karani yuko kanisani, maziwa anayapima askari wa geti na kuyamimina kwenye tangi la baridi, lakini kwenye kompyuta hayafiki. Nikajaza 0. Grafu ikatoka na shimo kila Jumapili. Kamati ikasema hapo ndipo maziwa yanapouzwa njiani, na kijana wa boda aliyekuwa akiyaleta akafukuzwa. Ng'ombe gani hao wanaokauka Jumapili wakajaa Jumatatu? Hakuna aliyeuliza, hata mimi. Miezi miwili baadaye tukakuta lita zote zimeandikwa kwenye kijidaftari cha askari. Tulimwendea yule kijana kumwomba radhi. Hakutaka kurudi, na sikumlaumu.

Isitoshe, siku sita za 910 na moja ya sifuri zinakupa wastani wa 780. Kwa hesabu hiyo tukakodi lori dogo. Lita 130 kila siku zikakosa pa kwenda.

Mkufunzi aliyetufundisha kompyuta ndiye aliyesema pengo kwenye grafu ni uchafu, jaza sifuri. Bado nina hasira naye. Sifuri ni ile ya wakati wa karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo: karani yupo, mizani ipo, maziwa hayakuja. Hiyo iandike 0. Nyingine yoyote iache wazi.

Kwenye Excel futa seli iwe tupu kabisa, kisha kwenye mipangilio ya grafu chagua seli tupu zionekane kama pengo. Jihadhari na fomula inayorudisha "". Kwa macho seli ni tupu, lakini grafu ya mstari inaichora sifuri! Weka NA(), yaani "hakuna takwimu", badala yake. Matoleo ya zamani yataunganisha siku za jirani kwa mstari, basi tia nukta kwenye kila siku iliyopimwa. Na usifiche safu za Jumapili: kwa kawaida Excel haichori kilichofichwa, Jumamosi inashikana na Jumatatu.

Rangi za grafu tutazungumza baadaye. Niambie kwanza, siku hizo zisizoandikwa nani alikuwa zamu?