Kisukari bila nyama: ninavyopanga sahani yangu

Ukisema una kisukari na nyama huli, ushauri unaoletewa ni mmoja: "Utaishiwa nguvu, kula hata dagaa." Mimi ni Msabato, nimekulia nyumba isiyopika nyama wala samaki, na kisukari aina ya pili kimenikuta ukubwani. Dagaa sijala na shambani naenda.

Protini yenyewe haisumbui. Mtu mzima wa kilo 70 anahitaji gramu 56 hivi kwa siku (mwenye shida ya figo amsikilize daktari wake). Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama gramu 15, mayai mawili 12, karanga za kujaa kiganja 7. Ongeza choroko jioni na mtindi usiotiwa sukari, hesabu inakaribia kutimia. Shida ni kwamba protini ya nafaka na kunde inakuja na wanga wake. Kikombe kilekile cha maharage kina wanga wa gramu 40 hivi, japo sehemu yake ni nyuzinyuzi. Yamwage juu ya mlima wa wali, weka na chapati pembeni kama mama ntilie anavyopenda kutupakulia, halafu pima sukari baada ya saa mbili uone.

Kwa hiyo kwangu dengu ndiyo chakula, ugali ndio kitoweo. Ugali wa dona usiozidi ngumi yangu, maharage au dengu upawa mmoja na nusu, na nusu nzima ya sahani ni mchicha, matembele au bamia. Dona nayo inapandisha sukari, tusidanganyane. Inazidi sembe kwa nyuzinyuzi, lakini haikupi ruhusa ya kujaza sahani.

Soya ndiyo ninayoisifia kwa kila mtu. Kikombe cha soya iliyochemshwa kina protini karibu gramu 30 na wanga usiofika 20. Kazi yake ni kuiva tu. Nailoweka usiku kucha, asubuhi naifikicha maganda yatoke, namwaga maji, naichemsha mpaka punje ibonyee katikati ya vidole viwili. Hapo ndipo naiunga kwa kitunguu, nyanya na hoho, mafuta kijiko kimoja.

Uji wa lishe, wanisamehe wauzaji, siushauri. Unga uliosagwa laini, ukapikwa, ukanywewa kwa dakika tano, unapandisha sukari haraka hata kama umechanganywa soya na karanga. Ukikushinda kuacha, kikombe kidogo, bila sukari, na yai pembeni.

Mboga za majani zina madini ya chuma, ila chuma cha mimea mwili unakifyonza kwa taabu. Kamulia limau mezani, na chai ya rangi iache mpaka saa moja au mbili zipite baada ya kula.

Sasa jambo ambalo hao wa dagaa hawalitaji: vitamini B12. Kwenye mimea haipo. Inapatikana kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, na metformin, dawa tunayoimeza wengi wetu, ikitumika miaka mingi inapunguza ufyonzaji wake. Kwa hiyo sisi tumebanwa pande zote mbili. Upungufu wake unaleta uchovu, ganzi na miguu kuwaka moto, dalili zilezile za neva zilizoharibiwa na sukari. Miguu yangu ilipoanza kuwaka usiku, kila mtu alisema ni sukari, na sukari yangu wakati huo ilikuwa nzuri. Daktari mmoja kijana akaagiza B12 ipimwe, ikakutwa chini, nikaanzishiwa sindano, na ganzi ikapungua taratibu. Metformin sikuiacha, na wewe usiiache kwa kusoma haya. Kliniki omba upimwe, hata kama hawajakutajia. Wewe usiyegusa hata mayai na maziwa, usingoje dalili: B12 ya vidonge inakuhusu.

La mwisho ni kwa wanaotumia insulini au glibenclamide, vidonge vya kushusha sukari. Mkipunguza ugali ghafla na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka mpaka mtetemeke na kutoka jasho jembamba. Mwambieni daktari kwanza, apange dozi upya, na mkitoka nyumbani bebeni glukosi au pipi mfukoni.