Akaunti ikifungwa ghafla: cha kuokoa kwanza

Mkuu mleta uzi, pole sana. Nimekusoma: akaunti imefungwa usiku, ujumbe unasema umekiuka masharti bila kutaja sharti lipi, na ndani umeacha vitabu, michezo, salio la zawadi na picha za familia. Unauliza una haki gani na uanzie wapi. Mimi yalinikuta hayo hayo kwenye jukwaa jingine, na akaunti ilirudi baada ya kuhangaika sana, kwa hiyo naandika nilichopitia.

Vitabu na michezo viache kwanza. Cha haraka ni baruapepe. Je, anwani iliyofungwa ndiyo uliyojisajilia huduma nyingine? Kwangu hapo ndipo palipouma. Benki ilikuwa inatuma namba ya uthibitisho kwenye baruapepe nisiyoweza kuifungua. Tovuti zote nilizokuwa naingia kwa kutumia akaunti hiyo zikanikataa kwa pamoja. Hata fomu ya rufaa ilinitaka niingie kwanza kwenye akaunti ileile waliyoifunga! Basi leo leo, kabla hujalala, chukua simu ambayo bado iko wazi kwenye huduma zako nyingine ukabadilishe anwani huko moja baada ya nyingine. Anza na benki, halafu kampuni ya simu, halafu mambo ya kazi. Mitandao ya kijamii iwe ya mwisho. Na usijitoe kwenye programu yoyote iliyo wazi, maana ukitoka huenda usirudi.

Nasisitiza hili kwa sababu kuna kisa kilichoandikwa na gazeti la New York Times mwaka 2022. Baba mmoja wa San Francisco alimpiga picha mwanawe mgonjwa ili daktari amwone kwa mbali. Mfumo wa Google ukaitafsiri picha ile kuwa ya unyanyasaji wa mtoto, akaunti ikafungwa. Akapoteza baruapepe, picha na hata namba ya simu, kwani laini yake nayo ilikuwa ya Google. Polisi walichunguza wakaona hakuna kosa, ila mpelelezi alipotaka kumpata alishindwa, kwa kuwa simu na baruapepe vyote vilikuwa vimekufa. Google haikumrudishia akaunti. Mtu hana kosa, na bado amefungiwa kila mlango aliokuwa nao.

La pili ni makato. Akaunti inaweza kufungwa na kadi ikaendelea kukatwa kila mwezi. Mimi nilikatwa kwa ajili ya hifadhi ya mtandaoni ambayo sikuweza hata kuiona, na kusitisha kulihitaji niingie ndani. Piga simu benki wazuie makato yajayo. Lakini usikimbilie kuiambia benki ikurejeshee pesa za manunuzi ya zamani. Maduka ya michezo yakiona malipo yamevutwa na benki, mengi huyahesabu kama ulaghai, na rufaa yako inaweza kufia hapo. Hiyo iwe silaha ya mwisho.

Sasa vitabu na michezo. Kitufe kinasema "nunua", lakini masharti yanasema umepewa leseni, na leseni hiyo imefungwa kwenye akaunti. Mwaka 2009 Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell kwenye Kindle (vifaa vyake vya kusomea vitabu) za watu waliokwisha kuvilipia, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu na vitabu vikatoweka kwa wateja wote. Angalau hao walirudishiwa pesa. Anayefungiwa peke yake kwa madai ya kukiuka masharti mara nyingi haambulii kitu, na mimi naona huo ni uonevu: kosa moja la maoni au la malipo halipaswi kufuta manunuzi ya miaka. California imeweka sheria, inatumika tangu Januari 2025, kwamba duka lisitumie neno "nunua" bila kumweleza mteja wazi kuwa anapata leseni tu. Inamsaidia anayetaka kulipa. Wewe uliyekwisha kufungiwa haikugusi.

Haki utakayoweza kuishika kwa mkono ni ile ya taarifa zako. Kudai akaunti na kudai taarifa ni maombi mawili, usiyachanganye kwenye barua moja. La kwanza wanaweza kulikataa. La pili, kama uko Ulaya, linalindwa na GDPR, yaani sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, tangu 2018 na wanapaswa kukujibu ndani ya mwezi mmoja, na nchi nyingi nyingine sasa zina sheria zinazofanana. Mimi picha zangu zilikuja kwa njia hiyo, kabla rufaa haijaamuliwa. Walio ndani ya Umoja wa Ulaya wana nyongeza: Sheria ya Huduma za Kidijitali inalitaka jukwaa litaje sababu ya kufunga, na majukwaa yasiyo madogo yapokee malalamiko bure kwa angalau miezi 6, tena uamuzi usiachiwe mashine peke yake.

Rufaa iandike fupi. Taja tarehe, ambatanisha risiti, uliza ni sharti lipi, omba binadamu aipitie. Matusi yaache hata kama yanakujia. Usifungue akaunti mpya hukohuko kwa sasa, kwani mifumo hutambua kifaa na kuona unakwepa adhabu. Na wale watakaokufuata kwenye ujumbe binafsi wakidai wanajua mtu wa ndani wa kukurudishia akaunti, usiwape hata senti. Ni matapeli wanaowinda watu walio katika hali yako.

Ukipata nafasi, nakili hapa maneno ya ule ujumbe kama yalivyo, ufiche namba ya kesi na jina lako. Kuna tofauti kubwa kati ya "imesimamishwa" na "imefutwa", na muda wa kukata rufaa unategemea ni ipi.