Kwa wanawake wanaoanza kazi katika ranchi ya familia

Wadogo zangu mnaoingia katika ranchi ya familia, iwe kwa kuolewa au kwa kurudi nyumbani baada ya masomo, nawaandikia kutoka Kongwa, mkoani Dodoma, ambako mvua hunyesha takribani kuanzia Desemba hadi Aprili na miezi iliyosalia ni ya kubana malisho. Katika familia nyingi mtawakuta wanaume wameshika machunga, josho (kuogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe) na mnada, nanyi mtakabidhiwa maziwa, ndama na wagonjwa. Msiidharau sehemu hiyo, kwa sababu anayekamua humgusa ng'ombe kila siku, naye ndiye wa kwanza kujua nani amepunguza maziwa na nani amechelewa kusimama asubuhi.

Ujuzi huo usipoandikwa hupotea, au huhesabiwa kuwa wa mwingine. Kwa hiyo nawasihi muwe na daftari tangu wiki ya kwanza. Andikeni namba ya hereni ya kila ng'ombe, tarehe aliyopandwa, tarehe aliyozaa, dawa aliyochomwa na siku ambayo maziwa yake yataruhusiwa tena kunywewa au kuuzwa. Mimba ya ng'ombe huchukua takribani siku 283; mwenye tarehe ya kupandwa hujua lini amtenge jike karibu na nyumba, ilhali asiye nayo huweza kumkuta ndama amezaliwa porini, tena fisi wakiwa wamemtangulia kufika.

Ndama anapozaliwa, acheni kazi nyingine zote. Chovyeni kitovu chake kwenye dawa ya iodini, kisha hakikisheni amenyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama yake, ndani ya saa sita za kwanza, na ikiwezekana ndani ya saa mbili, kwa maana utumbo wake hupitisha kinga ya mama kwa saa chache tu. Ndama wa kilo 25 anahitaji kama lita mbili na nusu. Akishindwa kunyonya, kamueni mumnyweshe kwa chupa. Mtaambiwa kwamba ndama mwenye nguvu hujitafutia mwenyewe. Msikubali.

Adui mkubwa wa ndama hao ni ndigana kali, inayoletwa na kupe. Kila jioni papaseni tezi zilizo chini ya sikio na mbele ya bega. Zikiwa zimevimba, pimeni joto, na likizidi nyuzi 39.5 mwiteni afisa mifugo siku hiyohiyo, kwani dawa yake husaidia zaidi inapotolewa mapema. Ipo chanjo ya ndigana kali inayotolewa mara moja tu, lakini haizuii magonjwa mengine ya kupe, kwa hiyo josho linaendelea.

Jilindeni na ninyi. Jike akitupa mimba, msishike kondo la nyuma kwa mikono mitupu, kwa kuwa ugonjwa wa brusela, unaosababisha ng'ombe kutupa mimba, humpata binadamu kwa njia hiyo na pia kwa maziwa mabichi. Mwenye mimba asihudumie uzazi wa namna hiyo kabisa, hata akishurutishwa.

Kuhusu malipo, zungumzeni mapema, kwa heshima, mbele ya wazee: je, fedha za maziwa ni za nani, na je, kuna mtamba (ng'ombe jike ambaye hajazaa) atakayeandikwa kwa jina lako? Si ukosefu wa adabu kuuliza. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini shauri hilo lilihusu mgawanyo baada ya talaka, nami napenda mkubaliane mkiwa bado mnaelewana.

Ifikapo Juni, familia inapojadili nani apelekwe mnadani, leteni daftari mezani na mwonyeshe majike ambao hawajazaa kwa miaka miwili. Hao wauzwe wakiwa bado na mwili, kabla ya Oktoba, wakati kila mfugaji anapoleta ng'ombe waliokonda na bei inashuka.