Maswali ya Wasomaji: Kasi, Kimo na Kiti cha Nyuma

Katika toleo lililopita nilisimulia jinsi ambavyo kwa miaka kumi na miwili nimekuwa nikitumia likizo zangu, na kusema kweli akiba yangu yote, kupanda rolakosta, yaani treni za bustani za burudani zinazopanda na kuporomoka kwenye reli zenye vilima, katika nchi sita. Barua zilizofika ofisini baada ya hapo zimekuwa nyingi kuliko nilivyotarajia, na baadhi yake zilikuja na ugomvi. Nimechagua tano.

Swali: Katika makala yako umetumia neno "rolakosta" zaidi ya mara ishirini. Je, Kiswahili kimefilisika kiasi hicho, hata tukaokota neno la Kiingereza na kulivisha irabu mwishoni? — *Mwalimu wa Kiswahili, Ngara*

Jibu: Mwalimu, nakubali kukosolewa, ingawa nitajitetea kidogo. Chombo hiki hakina jina linalotulia hata kwa wenyewe. Warusi wa karne ya 17 walijenga vilima vya mbao, wakavimwagia maji yakaganda kuwa barafu, kisha wakateleza kutoka juu hadi chini kwa vigari vya kuburuzwa. Wafaransa waliupenda mchezo huo, wakauwekea magurudumu kwa kuwa kwao barafu haikai, na hadi leo huuita "milima ya Kirusi". Warusi nao, ukiwauliza, watakwambia hivyo ni "vilima vya Kimarekani". Kila taifa linamsingizia jirani ubaba wa mtoto huyu. Mimi nilijaribu kusema "treni ya vilima" mbele ya shangazi yangu, naye akaniuliza kama ndiyo ile iendayo Nanyuki. Ukinipatia neno lililo bora kuliko nililolitumia, nitalichukua na kukushukuru hadharani.

Swali: Shemeji yangu alifanya kazi Abu Dhabi miaka minne, na kila tukikutana anasisitiza kwamba rolakosta ya huko ndiyo bora kuliko zote kwa sababu ina kasi ya ajabu. Mimi sijapanda hata moja, lakini nimechoka kunyamaza. Wewe uliyepanda nyingi, ipi ndiyo bora? — *Msomaji, Buruburu*

Jibu: Ndugu yangu, shemeji yako yuko sahihi katika tarakimu, lakini tarakimu hizo si kipimo cha utamu. Hiyo anayoisema, Formula Rossa, iliyoko bustani ya Ferrari World katika kisiwa cha Yas huko Abu Dhabi, ilipofunguliwa mwaka 2010 iliipita kila rolakosta duniani kwa kasi. Treni huwa imesimama tuli, kisha katika muda usiotimia sekunde tano huwa imefikia kilomita 240 kwa saa, ikivutwa kwa nguvu ya haidroli kwa namna inayofanana na ndege ya kivita inavyorushwa kutoka kwenye sitaha ya meli. Abiria wote huvaa miwani ya kukinga macho, kwa kuwa punje moja ya mchanga wa jangwani katika mwendo huo si jambo la mchezo. Sekunde hizo tano nazikumbuka vizuri sana: mashavu yalivutwa kuelekea masikioni, na nilipotaka kupiga kelele niligundua kwamba pumzi yenyewe ilikuwa imebaki kituoni. Baada ya hapo, hata hivyo, mwili ukazoea. Mwili wa binadamu hauhisi kasi. Unahisi badiliko la kasi, na ndiyo maana abiria wa ndege anakwenda kilomita 900 kwa saa huku akikoroga chai.

Rekodi nazo ni kama mgeni wa methali, ambaye siku ya tatu hupewa jembe. Mwezi Mei mwaka 2000 bustani ya Cedar Point, mjini Sandusky katika jimbo la Ohio, ilifungua Millennium Force yenye kimo cha mita 94, ikawa ndefu kwenda juu kuliko nyingine yoyote inayokamilisha mzunguko. Haikumaliza hata miezi mitatu kabla Wajapani hawajafungua Steel Dragon 2000 pale Nagashima Spa Land, yenye mita 97 kwenda juu na reli ya mita 2,479. Mwaka 2005 ikaja Kingda Ka huko New Jersey, ambayo mnara wake wa mita 139 ungesimama bega kwa bega na Times Tower yetu ya barabara ya Haile Selassie, Nairobi. Nilipanga foleni kwa saa mbili na dakika kumi kwa ajili ya safari isiyofika dakika moja. Mnara huo uliangushwa kwa baruti mwezi Februari mwaka 2025. Mtu aliyeipenda kwa sababu ya urefu wake tu sijui sasa anasimulia nini.

Iliyonigeuza mimi ni Cyclone ya Coney Island, mjini New York, na kwa bahati mbaya niliidharau kabla ya kuipanda. Ilifunguliwa mwaka 1927, njia yake ni ya mbao, na kilele chake kina mita 26 tu, yaani jengo la ghorofa nane hivi ambalo hapa mtaani Pipeline hakuna mtu angeinua shingo kulitazama. Niliketi kiti cha mwisho kabisa. Mnyororo ulitupandisha huku mbao zikilia chini yetu kama kitanda cha zamani, sehemu ya mbele ya treni ikatoweka ukingoni, na kabla sijajiandaa nikajikuta sijakalia kitu chochote: mapaja yangu yalikuwa yamegandamana na chuma cha kuzuia abiria, na kati yangu na kiti palikuwa na hewa. Jambo hilo lilijirudia mara kadhaa kabla hatujafika kituoni, na nilishuka nikicheka peke yangu.

Wewe wa Buruburu unalijua jambo hili hata kama hujawahi kuvuka mpaka. Panda matatu ya namba 58 usiku, barabara ikiwa wazi, ukae nyuma kabisa, kisha dereva asahau tuta. Kwa nukta moja makalio huachana na kiti, tumbo hubaki juu wakati mwili umekwisha kushuka, na matatu nzima hutamka neno moja. Rolakosta nzuri ni mtambo uliopangwa kukupa nukta hiyo tena na tena, bila kuumiza mgongo na bila kondakta. Sababu ya kiti cha nyuma kuwa kitamu inatofautiana kidogo na ile ya matatu, ambako wa nyuma hurushwa kwa kuwa ameketi nyuma ya ekseli. Katika rolakosta, treni inapofika kileleni mabehewa ya mbele huanza kuteremka polepole, kwa kuwa uzito wa mabehewa ya nyuma bado unayashikilia. Lakini kufikia zamu ya behewa la mwisho, treni karibu nzima imekwisha kuwa mteremkoni nayo inalivuta kwa nguvu. Mwili wako unataka kuendelea juu, reli inakwenda chini, na hapo ndipo unapoachana na kiti. Wa mbele hupata mandhari. Wa nyuma hupata alichokifuata.

Ukinilazimisha kutaja ya pili, nitataja Rutschebanen ya bustani ya Tivoli, mjini Copenhagen, ambayo shemeji yako ataicheka. Imekuwapo tangu mwaka 1914, na breki zake haziko kwenye reli: mfanyakazi wa bustani hupanda ndani ya treni pamoja na abiria na kuzishika kwa mkono. Yule wa safari yangu alikuwa kijana aliyevaa glavu, akiutazama mteremko kama dereva wa mkokoteni anavyoutazama mlima wa soko, na katika bonde la mwisho aliiachia treni kidogo kuliko nilivyodhani ni halali. Hakuna kompyuta iliyowahi kunifanyia hisani ya namna hiyo. Basi mwambie shemeji kwamba ya Abu Dhabi ni kali, lakini bora ni ile inayokunyanyua.

Swali: Mwezi wa Agosti tutakwenda Johannesburg kumtembelea dada yangu, na kijana wangu wa miaka kumi na mmoja ameapa kwamba hatarudi bila kupanda rolakosta ya Gold Reef City. Mimi nikiona picha tu miguu inalegea. Je, treni haiwezi kuchomoka kwenye reli? Na nimwache apande? — *Mama wa watoto wawili, Donholm*

Jibu: Mama, woga wako ni wa haki, na swali lako la kwanza lina jibu la miaka zaidi ya mia moja. Mwaka 1919 mhandisi Mmarekani, John Miller, alipata hataza ya magurudumu yanayokaa chini ya reli. Tangu hapo rolakosta za maana hushikiliwa na seti tatu za magurudumu: ya juu yanayobeba uzito, ya ubavuni yanayoongoza kwenye kona, na ya chini yanayozuia treni isiinuke. Reli imekumbatiwa, kama vidole vinavyoshika fimbo. Tena njia hugawanywa katika sehemu, na treni ya nyuma haiwezi kuruhusiwa kuingia sehemu ambayo ya mbele haijaondoka; ikitokea hitilafu, breki hufunga zenyewe.

Kuhusu kijana, hawatakuuliza miaka yake bali kimo chake. Kila mtambo una kijiti cha kupimia langoni, na mtoto aliyepungukiwa na sentimita moja harudishwi kwa roho mbaya: chuma cha kumzuia kimetengenezwa kwa miili ya kimo fulani. Mpime nyumbani kwenye fremu ya mlango, bila viatu, kisha uulize bustani kiwango cha kila mtambo kabla ya kukata tikiti, kwa maana kilio cha mtoto aliyekataliwa langoni baada ya kusubiri kwa saa nzima nimekishuhudia na sikitakii familia yoyote. Ajue pia kwamba mitambo ya mle ina ngazi za ukali. Anaconda huning'iniza abiria chini ya reli huku miguu ikielea hewani, na Tower of Terror huangusha behewa wima hadi ndani ya shimo la mgodi wa kale wa dhahabu, kwa kuwa bustani yenyewe imejengwa juu ya mgodi. Aanze na ndogo. Akifika mlangoni na kubadili nia, usimwambie kwamba tikiti imelipiwa. Nimewaona akina baba wakifanya hivyo, na mtoto hupanda akilia na kushuka akiwa na chuki ya maisha.

Simu abaki nayo dada yako. Mimi niliipoteza miwani yangu ya kusomea Japani, katika bustani ambayo wahudumu walikuwa wamenionyesha kabati mara mbili, nami nikajifanya mjuaji.

Swali: Nina miaka 67 na presha inayodhibitiwa kwa dawa. Mjukuu wangu anataka tupande pamoja tukienda Uingereza. Nifanyeje? — *Babu, Kariokor*

Jibu: Shikamoo, Babu. Hili si la mwandishi wa safu, ni la daktari wako, na umwendee kabla ya kununua tikiti. Mabango ya langoni huwaonya wenye presha, maradhi ya moyo, na matatizo ya shingo au mgongo, na baadhi ya bustani za Japani huweka hata umri wa juu ambao ukiupita hupandi, uwe na afya au usiwe nayo. Daktari akikataa, mji wa Blackpool kwenye pwani ya Uingereza una gati na upepo wa bahari, na mjukuu atahitaji mtu wa kumshikia koti.

Swali: Je, umewahi kukwama juu? Ndiyo ndoto yangu mbaya. — *Mwanafunzi, Lang'ata*

Jibu: Mara moja, katika bustani ambayo sitaitaja kwa kuwa ilinitendea wema. Tulikuwa tumepanda karibu robo tatu ya mlima wa kwanza. Ile sauti ya tak-tak-tak inayosikika wakati wa kupanda ni ya ndoano ya chuma iliyo chini ya behewa, ambayo huangukia jino moja baada ya jingine ili mnyororo ukikatika au kusimama treni isirudi nyuma. Sauti ikakoma. Kilichofuata hakikuwa mayowe bali ukimya, kisha bendera iliyokuwa ikipigwa na upepo juu yetu, kisha mwanamke aliyeketi kando yangu akaanza kunieleza, bila kuulizwa, namna ya kupika supu ya samaki. Tulikaa dakika arobaini. Mhudumu mmoja akapanda ngazi zilizo pembeni mwa reli, akafungua vizuizi safu moja baada ya nyingine kwa mkono, akatuteremsha tukiwa tumeshika chuma cha ngazi, na miguu yangu ilitetemeka kwenye ngazi kuliko ilivyowahi kutetemeka ndani ya treni. Chini tulipewa vikaratasi vya kurudi bila foleni. Yule mama alikitia chake pochini na kwenda zake. Mimi nilirudi saa kumi jioni.

Rolakosta za kurushwa, zisizo na mnyororo, zina mkwamo wa namna nyingine. Upepo ukiwa mkali au mtambo ukisukuma pungufu kidogo, treni hupanda mnara, ikakaribia kilele, ikaishiwa nguvu, kisha ikateremka kinyumenyume hadi breki zilizoinuka kwenye reli ziisimamishe, na abiria hurushwa upya. Kingda Ka ilijulikana sana kwa jambo hilo, na wapenzi wa mchezo huu walilihesabu kuwa bahati, kwa kuwa walipata safari mbili kwa foleni moja. Mimi nilivuka kilele mara ya kwanza, bila tatizo lolote, na mnara wenyewe ndio huo umeshaangushwa.